Neno Nililomfunza Binti wa Ami

Asubuhi niliyoondoka Ibra kwenda Uswidi, sanduku langu lilitoka kwa mlango wa mbele na la binti wa ami yangu likaingia kwa mlango huo huo. Sitii chumvi. Yeye alikuwa amepangiwa kusomesha skuli moja ya wasichana pale Ibra, na kwao ni Nizwa, karibu saa mbili kwa gari, kwa hiyo isingewezekana aende na kurudi kila siku. Jamaa wakaona ni jambo la kheri: mmoja anaondoka, mwengine anakuja, na Bibi hatobaki peke yake. Kila mtu alifurahi. Mimi pia nilisema nimefurahi.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, baba akawa anafanya kazi Maskat na kuja mwisho wa wiki, na mimi nikawa wa Bibi. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman baada ya Mapinduzi akiwa bado bibi harusi, na mpaka leo Kiswahili chake ni kile alichotoka nacho. Wajukuu wake tu wengi, lakini wengine wote wamekua na Kiarabu. Wanajua shikamoo, wanajua "njoo ule", na wanajua matusi mawili matatu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikizungumza naye sawasawa. Tukiwa harusini, tumezungukwa na watu, alikuwa akiniinamia sikioni akaniambia jambo juu ya nguo ya fulani, tukacheka sisi wawili tu, na wengine wakatutazama. Nilikuwa nikipenda sana kutazamwa vile.

Binti wa ami nimemzidi miaka miwili. Mama yake ni mtu wa Nizwa asili, watu wao hawakuwahi kwenda Afrika, na nyumbani kwao hakikusemwa Kiswahili hata siku moja. Utotoni alikuwa akija na wazazi wake siku za Idi, anakaa karibu na mlango, mpole, mzuri wa sura, na shikamoo yake moja aliyokuwa akimpa kila mtu, hata watoto wadogo kuliko yeye. Tulikuwa tukimcheka.

Mimi nilikuwa kiongozi wa watalii. Nilikuwa nikiwapeleka Wadi Bani Khalid kuogelea, kisha kwenye mchanga wa jangwani, kisha Sur. Wakati wa baridi walikuja Waswidi wengi, na nikawa nawasikia wakizungumza wenyewe kwa wenyewe nyuma ya gari, na kuna kitu katika lugha ile kikanivuta, kama wanaimba bila kutaka. Ofisini wakasema wanahitaji mtu anayeijua. Nikaomba nafasi ya mwaka mmoja ya kujifunza lugha katika mji wa Umeå, kaskazini, nikaipata.

Nilipomwambia Bibi aliuliza, "Hao watu wana lugha yao wenyewe? Si wanasema Kiingereza?"

"Wanayo yao, Bibi."

"Haya. Nenda kaisikilize, kisha uje unambie inasemaje."

Nilifika mwisho wa Agosti. Nilipewa chumba kwenye ukumbi mrefu wenye vyumba vinane na jiko moja la wote. Kila mtu alikuwa na rafu yake kwenye friji, imeandikwa nambari ya chumba. Taka zilikuwa na ndoo sita, na kwa wiki ya kwanza nilisimama mbele ya ndoo zile na mfuko wa chai mkononi nisijue niutupe wapi. Asubuhi ya kwanza nilimkuta kijana mmoja anapika kahawa. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama maji ya mfereji yanafaa kunywa. Akavuta pumzi kwa nguvu, ghafla, kama mtu aliyeungua. Nikamwambia pole. Akanitazama, nikamtazama. Siku kadhaa baadaye ndipo mwalimu alipotueleza kwamba watu wa kaskazini husema "ndiyo" hivyo, kwa kuvuta pumzi ndani, bila neno.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo aliyetoka kusini ya nchi. Katika lugha yao, saba ni sju, na herufi ya mwanzo kwa matamshi ya kwao yeye iko karibu na kha ya Kiarabu. Darasa zima walihangaika nayo. Mimi niliitoa mara ya kwanza tu, akapiga makofi. Siku ile nilirudi chumbani nikitembea kama mwenye mji. Nilitaka kumpigia Bibi nimwambie, na Ijumaa ya wiki ile nikampigia kwa video.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika la kahawa. Nilimwona Bibi amekaa uani kwenye mkeka, kichwa wazi, na nyuma yake binti wa ami amepiga magoti anamtia mafuta ya nywele. Kazi ile ilikuwa yangu. Kila Ijumaa, tokea nilipokuwa na miaka minane, baada ya sala na kabla ya chakula, mimi ndiye niliyemfumua Bibi, nikamtia mafuta, nikamsuka mikia miwili.

"Bibi, wiki hii nimesifiwa na mwalimu," nikasema.

"Ahsante Mungu. Unamwona mwenzako? Kumbe ana mikono myepesi! Sikujua nywele zaweza kufumuliwa bila ya mtu kulia."

Nikacheka. Nilipokata simu, niliitazama mikono yangu muda mrefu.

Kisha zikaanza sauti kwenye simu. Binti wa ami alikuwa ameamua kujifunza Kiswahili, na kila siku mbili alinitumia ujumbe wa sauti kwa Kiarabu na neno moja la Kiswahili katikati, limesimama kama mgeni. "Dada, kujishaua ni nini? Bibi kasema nimejishaua." "Dada, kuna tofauti gani kati ya kupwaya na kupwaga?" Mwanzoni nilimjibu kwa furaha. Nilikuwa nikijilaza kitandani nampa maelezo marefu, na mifano, na jinsi ya kusema kwa madaha. Nilijiona bado nina cheo changu: ili amfikie Bibi, lazima apite kwangu.

Lakini alikuwa akishika haraka. Mimi kwenye Kiswidi nilikuwa nimekwama kwenye majina ya vitu, kwa sababu majina yao yana ngeli mbili na hakuna wa kukwambia lipi liko wapi. Nyumba iko huku, kiti kiko kule, na unakariri tu. Na yeye, aliyekuja na "kikombe yangu" na "maji mzuri", mwezi wa Oktoba akanitumia sauti akisema, "Vikombe vyangu vimevunjika viwili," na nyuma yake nikamsikia Bibi akipiga kigelegele. Kigelegele, kwa vikombe vilivyovunjika! Mimi Bibi alinipigia kigelegele mara moja tu, nilipomaliza chuo kikuu.

Jioni moja ya Oktoba ile tulikuwa tunazungumza, akasema, katikati ya mambo mengine, "Namhurumia Bibi kwa ule ukunga wake. Miezi minane tu ilikuwa imebaki."

Sikujua anasema nini. Nikamwambia, "Ndiyo, najua."

"Na ile kofia yake ya ukunga aliyoificha ndani ya mto wakati wa kuondoka. Bibi kanionyesha. Ameiweka mpaka leo."

"Najua," nikasema tena.

Sikuwa nikijua. Miaka ishirini na mbili niliishi nyumba moja na yule mwanamke, nililala chumba chake mpaka nilipovunja ungo, na sikuwahi kusikia kwamba alikuwa akisomea ukunga hospitali ya Unguja kabla ya kuondoka. Nilimfahamu kuwa ni Bibi tu. Nilijua anapenda chai ya namna gani na anamchukia jirani gani, na nilidhani huko ndiko kumjua mtu.

Nilimpigia siku ya pili, wakati mwenziwe yuko skuli. "Bibi, mbona hukuwahi kunambia habari za ukunga?"

"Hukuniuliza," akasema. "Huyu kaniuliza. Kanambia, Bibi, ulipokuwa msichana ulitaka uwe nani? Hakuna aliyepata kuniuliza hilo, hata babu yako. Mwalimu huyu, anajua kuuliza."

Hakulisema kwa kuniumiza. Bibi hana tabia hiyo. Lakini nilikaa na neno lile wiki nzima. Nilikuwa naliona kwenye theluji, iliyokuwa imeanza kuanguka mapema, na naliona kwenye daftari la mazoezi. Nikawa sijibu sauti za binti wa ami siku ile ile, nangoja siku mbili, tatu. Naye hakuchoka. Alikuwa akisema, "Najua una masomo mengi, dada, pole."

Sasa nieleze nililolifanya.

Alhamisi jioni wanawake watano sita wa umri wa Bibi hukusanyika kwake, wote wa Unguja na mmoja wa Pemba, wanakunywa kahawa na kula mkate wa kumimina. Mwezi wa Novemba ilijulikana kwamba rafiki yake mkubwa kutoka Sur atakuja, aliyesafiri naye pamoja walipohamia Oman, na hawajaonana kwa zaidi ya mwaka. Binti wa ami akanitumia sauti. Nilikuwa jikoni, kwenye meza ya wote, nasahihisha mazoezi yangu, na kijana wa kahawa ananisaidia.

"Dada," alisema, "anakuja rafiki wa Bibi. Nataka nimpokee kwa Kiswahili mbele yao wote. Nataka kumwambia amependeza, uso wake una nuru. Lakini sitaki umependeza, hilo hata mtoto analijua. Nipe neno zito, la Unguja ya zamani, Bibi ashtuke."

Maneno mazuri yako tele. Ningeweza kumwambia umetakata. Ningeweza kumwambia umeng'ara. Vidole vyangu viliandika: *Mashaallah, Bibi, umechakaa khasa.* Kisha nikaongeza: *Ni Kiswahili cha zamani. Wenyewe watastaajabu.*

Nguo huchakaa. Mkeka huchakaa. Mtu anayejua Kiswahili hamwambii mtu mzima neno hilo usoni hata kwa mzaha. Akanijibu kwa nyoyo tatu nyekundu na "ahsante sana dada yangu", ya kwake yote ya Kiswahili, haina kosa.

Nilikuwa na siku nzima ya kulifuta. Nilijiambia ni mzaha. Nilijiambia watacheka wote, na Bibi atasema, wewe bado, mwanangu, angekuwepo dada yako angekufunza vizuri. Hilo hasa ndilo nililokuwa nikilitaka, nilisikie jina langu likitajwa katika ua ule kwa kuhitajiwa.

Ijumaa Bibi ndiye aliyenipigia. Kwa kawaida hanipigii, hungoja nimpigie.

"Jana kumetokea jambo," akasema. "Umejua kwamba mwenzangu wa Sur alikuwa mgonjwa? Kafanyiwa operesheni ya tumbo, kalala hospitali miezi mitatu. Sikuwaambia, mwenyewe hakutaka isemwe. Jana ndiyo siku yake ya kwanza kutoka. Kashonesha nguo mpya, kajitia wanja, kaja amebaki mifupa mitupu maskini, sote tumejifanya hatuoni. Huyu mtoto kampigia magoti, kambusu mkono, akamwambia, Mashaallah, Bibi, umechakaa khasa."

"Unanisikia?" Bibi akauliza.

"Nakusikia, Bibi. Akasema nini?"

"Nani, mwenzangu? Alimtazama tu. Kisha akasema, Kweli, mwanangu. Nimechakaa. Akashusha ushungi wake usoni. Wallahi sijapata kuona aibu kama ile. Nimemgombeza mbele ya wote, kwa Kiarabu, asije akasema hakufahamu. Alipojua alichokisema alitoka rangi, akaingia chumbani, hakutoka tena. Nikamfuata baadaye nikamuuliza, nani kakufunza neno hili? Akasema kachanganya mwenyewe. Nikamwambia labda ulitaka kusema umetakata. Akaitikia kwa kichwa." Bibi akashusha pumzi. "Na wewe, baridi imeanza huko?"

"Imeanza, Bibi."

"Vaa soksi."

Wala sikumwambia kwamba neno lile limetoka kwangu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi, nikimngoja binti wa ami anitumie sauti ya kunitukana. Haikuja. Haikuja siku hiyo wala wiki hiyo. Nilipomwandikia hujambo, alijibu "alhamdulillah" na hakuongeza.

Baada ya wiki mbili Bibi akaniambia, "Mwenzako hasemi tena Kiswahili. Nikimsemesha ananijibu Kiarabu. Anafanya kila kitu kama kawaida, kupika, kunitia mafuta, lakini nyumba imekuwa kimya." Na mimi, nitasema kweli maana sina faida ya kuficha sasa, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ndogo, ya ghafla, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Aibu ilikuja nyuma yake, lakini furaha ilitangulia.

Desemba, pale Umeå, jua huzama kabla ya saa nane mchana. Mwalimu alikuwa ametupangia kwenda kila Jumanne kwenye nyumba moja ya wazee kuzungumza nao, wapate wa kuongea nao na sisi tupate mazoezi. Mimi niliwekwa na mama mmoja mzee aliyekuwa akifanya kazi ya posta maisha yake yote. Alikuwa akisema polepole kwa ajili yangu, na kila wiki alinipa mikate midogo yenye iliki. Mara ya kwanza nilipoinusa nilishindwa kuitafuna kwa muda, kwa sababu ilinukia kama nyumbani.

Jumanne moja alinipa wa kwanza, wa pili, akanisogezea wa tatu. Nilitaka kumwambia nimeshiba. Nikachukua neno la Kiingereza nikalipa matamshi ya Kiswidi, nikasema kwa sauti, nimejaa raha, "Jag är full!"

Wazee kumi hivi ukumbini wakageuka kumtazama msichana aliyejifunga mtandio. Nikaona mmoja anazuia kicheko kwa kitambaa cha mkono. Yule mama mzee akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema kwa upole, "Nadhani ulitaka kusema mätt. Hilo ulilosema maana yake umelewa."

Nikajificha uso kwa mikono miwili. Wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa kicheko chao hakikuwa na meno. Kisha yeye akaniambia habari ya mume wake. Alikuwa Mfini, alikuja pale akiwa kijana kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, hajui hata neno moja. Wenzake kiwandani wakamfunza neno chafu, wakamwambia maana yake ni asante kwa chakula. Akaenda kwa wakwe zake watarajiwa mara ya kwanza, akala, akasimama mbele ya mama mkwe, akainamisha kichwa, akalisema.

"Mama yangu alicheka mpaka akalia," mama mzee akasema. "Sisi sote tulicheka. Ila yeye hakusema tena Kiswidi mezani kwetu kwa mwaka mzima. Alikuwa akila na kunyamaza. Na mimi nilimpenda, nilikuwa nikimwona anatafuta kila neno kichwani, analikagua, kisha analiacha."

Nilimuuliza, "Na wale wenzake?"

"Sijui. Nadhani walisahau siku ile ile."

Nilivaa koti na viatu nikatoka nje bila ya kuaga vizuri. Ilikuwa saa tisa mchana na giza tayari, taa za barabarani zinawaka juu ya barafu. Ibra ilikuwa saa kumi na mbili, wameshasali magharibi. Nilisimama chini ya kibanda cha basi nikampigia binti wa ami. Alipokea kwa Kiarabu, nami nikamwambia kwa Kiarabu, moja kwa moja, maana nilijua nikizunguka sitofika.

"Lile neno. Nililikusudia."

"Nilijua," akasema.

"Tokea lini?"

"Tokea siku ile ile. Niliusoma tena ujumbe wako chumbani. Uliandika watastaajabu. Mtu anayekosea haandiki hivyo."

"Mbona hukumwambia Bibi?"

"Ningemwambia nini? Kila Ijumaa nikimtia mafuta ananisimulia wewe. Mtoto wangu hivi, mtoto wangu vile, saa hizi sijui amekula. Mimi ndiye ninayepiga magoti nyuma yake, lakini machozi yake ni kwa ajili yako. Ningemvunja." Nilisikia sufuria zikigongana, alikuwa jikoni. "Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa mlangoni siku za Idi?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nakutazameni. Mnasema, mnacheka, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kunambia mnacheka nini. Nikirudi Nizwa nilikuwa nikijifanya nasema lugha yenu, maneno ya kubuni, peke yangu, mbele ya kioo. Nilikuonea wivu miaka kumi na mitano. Lakini sikukufanya chochote."

Nililia pale kibandani, na machozi kwenye baridi ile yanauma. Nikamwambia anisamehe.

"Sijakusamehe," akasema, bila hasira, kama mwalimu anayemwambia mwanafunzi alama zake. "Si mimi wa kwanza. Mpigie yule bibi wa Sur. Ukishampigia, mwambie Bibi. Kisha tutaona."

Ilinichukua siku nne kumpigia bibi wa Sur. Nilimwambia mimi ni nani, nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uko baridini huko, jee, hujambo?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na sikulitaja neno lenyewe mpaka mwisho. Akasema, "Na mimi nikamwambia mtoto wa watu maneno yale, akaondoka analia. Nilidhani ana ulimi mchafu. Masikini." Akakohoa. "Mwanangu, sikiliza. Mimi nilijua nimekonda, nina kioo. Kilichoniuma ni kuwa wao wote walikuwa wakijifanya. Lakini wewe umefanya vibaya. Umemchukua mtu anayekuamini ukamtia shimoni. Usinidanganye kuwa ni utoto, wewe si mtoto."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Mungu akusamehe, nami nishakusamehe. Uje unitazame ukirudi."

Kwa Bibi mambo hayakwenda hivyo. Nilipomaliza kumweleza alisema neno moja tu, "Ahaa," akakata simu. Alinigomea siku ishirini na moja. Nilipopiga, binti wa ami alipokea na kuniambia, "Yupo, hataki." Alisema kwa adabu, na katika adabu ile nilisikia kwamba sasa yeye ndiye aliyekuwa mlango wa kumfikia Bibi, na mimi ndiye wa kupita. Nilistahili. Lakini wivu haujali kwamba umestahili. Uliniwaka vile vile. Nilikuwa nakwenda darasani, nasema Kiswidi changu, narudi, napika wali, naweka sahani kwenye rafu yenye nambari yangu, na nawafikiria wawili wale uani.

Siku ya ishirini na mbili Bibi alipiga mwenyewe. Hakusalimu. "Umekula?" akauliza.

"Nimekula, Bibi."

"Umekula nini?"

Tukaendelea kutoka hapo.

Nilirudi Ibra mwezi wa Juni, joto limeshapanda na tende zinaanza kuiva. Binti wa ami alikuwa amenitandikia kitanda katika chumba changu, na chake kiko upande wa pili wa chumba hicho hicho, na vitabu vya wanafunzi wake juu ya meza yangu. Wiki ya kwanza tulizungumza Kiarabu tu, kwa uangalifu, kama watu wanaobeba sahani nyingi. Siku ya nane Bibi akasema anataka kwenda Sur, na tumpeleke sote wawili.

Mimi niliendesha. Bibi alikaa mbele, yeye nyuma. Tulipokuwa njiani nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilimuuliza Bibi. Nilimuuliza siku ya kwanza alipomzalisha mtu alihisi nini. Akanigeukia, akaangalia nje, kisha akaanza kusimulia, juu ya mwanamke wa Kihindi wa mtaa wa Darajani na mtoto aliyetanguliza miguu, na mkunga mkuu aliyempiga kofi la mkono kwa kuwa alisita. Alisimulia karibu saa nzima. Kufika katikati akakwama, akasema, "Kile kitu cha kufungia kitovu, nimelisahau jina lake."

Kutoka nyuma, binti wa ami akasema kwa Kiswahili, "Uzi? Ulinambia uzi wa pamba, uliochemshwa."

"Huo huo," Bibi akasema, na akaendelea. Nikaangalia kwenye kioo. Binti wa ami alikuwa anatazama dirishani. Hakuniangalia, lakini tangu siku ile amekuwa akisema tena, polepole kwanza, na sasa anasema kuliko ndugu zangu wote. Kunisamehe hakunitamkia mpaka leo. Siku moja alichukua tu mkufu wangu bila ya kuniuliza akauvaa harusini, nikafahamu.

Mwaka uliofuata alihamishwa karibu na kwao, akaolewa Birkat al Mauz, na sasa ana binti. Mimi nimerudi kwa Bibi na kwenye kazi yangu. Wakati wa baridi nawachukua Waswidi mpaka Wadi Bani Khalid, na wanaposema nyuma ya gari wakidhani sielewi, huwa nawaacha kidogo kabla sijawajibu. Yule mama mzee wa posta ananiandikia kadi, kwa herufi kubwa, nisipate tabu.

Ijumaa namtia Bibi mafuta ya nywele. Najitahidi mikono yangu iwe myepesi. Katikati simu yake hulia, na kabla hajaitazama, najua ni nani kwa vile anavyokaa sawa na kuvuta ushungi. "Roho yangu," anamwambia, "kitukuu changu hajambo?" Wanazungumza nusu saa, wanacheka, na mimi nimepiga magoti nyuma yake nimeshika mkia mmoja wa nywele uliosukwa nusu, nangoja wamalize.